Amani ya Usambara na Kazi ya Kuainisha Viumbe Hai

Amani iko juu ya Milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza mkoani Tanga, kwenye mwinuko wa takriban mita 900 kutoka usawa wa bahari. Pepo za Bahari ya Hindi huikuta milima hiyo kabla ya kufika bara, na mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000. Bahari haikuacha kuipelekea unyevu hata katika zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, hivyo msitu wa huko umedumu kwa mamilioni ya miaka, ukitengwa na misitu mingine kwa nyika iliyouzunguka. Viumbe waliobaki humo walibadilika kivyao. Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Milima ya Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, na katika safu hiyo zipo zaidi ya spishi 800 za mimea zisizoota mahali pengine popote duniani.

Tangu mwaka 1902 Amani imekuwa na kituo cha sayansi, kikibadilisha jina, mwenye nacho na kazi yake mara kadhaa. Wanabiolojia huupanga uhai kwa njia mbili. Ya kwanza hufuata muundo: seli hujenga tishu, tishu hujenga ogani, ogani hujenga kiumbe, na viumbe wengi pamoja hufanya msitu au bwawa. Ya pili hufuata udugu: spishi zilizo karibu huwekwa katika jenasi moja, jenasi katika familia, na kuendelea hadi makundi makubwa kabisa. Ni mahali pachache barani Afrika ambapo njia zote mbili zimefuatwa kwa muda mrefu na kwa ukaribu kama kwenye kilima hiki kimoja, na historia yake inaonyesha jinsi mpangilio wa uhai unavyotegemea chombo kilichotumika kutazama na mtu aliyeonyesha pa kutazama.

Wasambaa na Wabondei walikuwa na mpangilio wao kabla hapajawa na kituo chochote. Msambaa aliigawa nchi kwanza: Shambaai, nchi ya juu yenye ubaridi na mvua, na nyika, nchi kavu ya chini. Mmea ulijulikana kuwa wa huku au wa kule. Ndani ya mgawanyo huo miti ilitambuliwa kwa gome, kwa utomvu, kwa harufu ya jani lililofikichwa kiganjani, na kwa kazi yake. Mbegu za msambu zilitoa mafuta ya kupikia, mvule ulitoa mbao, na mizizi na magome ya miti mingine yalikuwa dawa. Maarifa hayo yalirithishwa kwa kutembea msituni na mkubwa anayejua, na kila mtafiti aliyefika baadaye aliyaegemea, awe alikiri au hakukiri.

Sayansi ya Ulaya iliingia kwa njia ya vielelezo. Mwaka 1884 John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alipeleka Kew, karibu na London, mmea mdogo wenye majani ya manyoya kutoka pwani ya bara. Mwaka 1887 mmisionari W. E. Taylor alipeleka mwingine. Vielelezo vyote viwili havikutosha kutolea maelezo kamili, vikabaki kabatini. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani mjini Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani mimea ya aina hiyo, naye akamkabidhi Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliutangaza kuwa jenasi mpya na kuuita Saintpaulia ionantha. Ua hilo la zambarau, ambalo huota kwenye miamba yenye unyevu na kivuli kando ya vijito vya Usambara, sasa huuzwa katika vyungu karibu kila mji wa Ulaya na Marekani, na aina zilizozalishwa na wakulima wa maua zimefika maelfu.

Historia ya jina lake haikuishia hapo. Katikati ya karne ya 20 mtaalamu wa Uingereza B. L. Burtt alitofautisha spishi zipatazo 20 kwa kulinganisha manyoya ya majani, umbo la tunda na namna shina linavyotambaa. Vipimo vya DNA vilipoanza kutumika ilionekana kwamba nyingi kati ya hizo zinakaribiana mno kuweza kuitwa spishi tofauti. Ni jamii za mmea mmoja zilizotengana kwa mabonde. Mwaka 2015 jenasi yenyewe ilifutwa, na mimea hiyo ikaingizwa katika Streptocarpus, jenasi kubwa yenye ndugu zake wa Afrika na Madagaska. Jina la mkuu wa wilaya si la jenasi tena, ila watunza bustani bado hulitumia. Msituni mmea haukubadilika hata kidogo, na katika mabonde kadhaa umebaki kwenye miamba michache ambayo ikikosa kivuli hukauka.

Wakati ua hilo linapewa jina, kampuni za Kijerumani zilikuwa zimeanza kufyeka msitu wa Usambara Mashariki ili kupanda kahawa. Shamba la Derema lilianzishwa mapema miaka ya 1890. Msitu mnene uliwadanganya: wenye mashamba walidhani ardhi inayobeba miti mikubwa kiasi hicho ina rutuba isiyokwisha, kumbe rutuba ilikuwa ndani ya miti yenyewe na katika majani yanayooza juu ya udongo wenye asidi. Miti ilipoondolewa, kahawa ilistawi miaka michache kisha ikadhoofika. Hasara hiyo ni sababu mojawapo ya serikali ya kikoloni kutaka kituo cha utafiti.

Taasisi ya Kifalme ya Biolojia na Kilimo ilianzishwa Amani mwaka 1902. Mwaka huohuo Adolf Engler, mkurugenzi wa Bustani ya Mimea ya Berlin na mwandishi wa kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki kilichotoka 1895, aliitembelea Usambara. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann, mtaalamu wa wanyama aliyewahi kusafiri na Emin Pasha hadi maziwa makuu. Mfano waliouiga ulikuwa Buitenzorg, bustani ya Waholanzi kisiwani Java, na kutoka huko alikuja mtaalamu wa mimea Albrecht Zimmermann, ambaye baadaye alishika ukurugenzi. Reli nyembamba ya Sigi ilijengwa kutoka Tengeni kuelekea mlimani kubeba mbao na mizigo. Katika mamia ya hekta zilizoshuka kutoka kilele hadi mtoni walipanda mamia ya spishi za miti kutoka Asia, Amerika na pembe nyingine za Afrika, kila kipande na namba yake: mikwinini, mikarafuu, midalasini, mianzi, mipira, mikaratusi. Kazi ya kulima, kubeba, kupanda na kupalilia ilifanywa na Waafrika, na majina yao hayapo kwenye vibao.

Kazi ya msingi ya kituo kama hicho ni kutengeneza kielelezo. Tawi lenye maua au matunda hukatwa, hubanwa kati ya karatasi ndani ya fremu ya mbao, na hukaushwa haraka, kwani katika unyevu wa Amani kuvu hulitangulia jua. Likikauka hushonwa au kubandikwa kwenye karatasi ngumu yenye lebo inayotaja mahali, mwinuko, tarehe, mkusanyaji, urefu wa mti, rangi ya ua kabla halijafifia na jina la wenyeji. Nakala za tawi lilelile hupelekwa kwenye makumbusho kadhaa. Spishi ikiwa mpya, karatasi moja huteuliwa kuwa kielelezo asilia, na jina la kisayansi hufungwa kwenye karatasi hiyo daima. Mjadala wowote kuhusu jina hurudi kwake. Lebo huandikwa na mtaalamu, lakini aliyejua mti upo bonde gani na unatoa maua mwezi gani alikuwa mwenyeji aliyeongoza njia. Karl Braun, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Amani kuanzia 1904 hadi 1920, aliweka kumbukumbu za kila siku na kukusanya majina, dawa na vifaa vya wenyeji kwa mamia. Vifaa hivyo viko katika makumbusho ya mji wa Stade, Ujerumani, ambako katika miaka ya karibuni watafiti wa Kijerumani na wa Kitanzania wameanza kuchunguza vilipatikanaje.

Zimmermann alileta ngazi nyingine ya kutazama. Kabla ya kuja Afrika alikuwa ameandika kitabu cha mbinu za hadubini kwa wataalamu wa mimea, kilichotoka 1892, na kingine cha mwaka 1896 kuhusu kiini cha seli ya mmea. Wazo kwamba kila mmea na kila mnyama umejengwa kwa seli lilikuwa limesimama tangu 1838 na 1839, kwa kazi ya Schleiden na Schwann, na katika ujana wa Zimmermann swali kubwa lilikuwa nini kinatokea ndani ya kiini seli inapogawanyika. Akiwa Java alieleza vinundu kwenye majani ya mimea ya familia ya kahawa ambamo bakteria huishi ndani ya tishu, tangu mbegu hadi mti mzima. Akiwa Amani alichunguza familia ya maboga na mamumunye, na kitabu chake kuhusu familia hiyo kilitoka mwaka 1922.

Mmea ulioitajirisha Tanga unaonyesha kwa nini ngazi ya seli haiwezi kurukwa. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kutokana nayo yakatoka mashamba yote ya kwanza ya koloni. Mkonge hutoa maua mara moja, kisha hufa, na badala ya mbegu hushusha vimche vidogo vinavyoota juu ya shina refu la maua. Sababu iko ndani ya kiini cha seli: mkonge una seti tano za kromosomu, yapata 150 kwa jumla, na seti tano hazigawanyiki sawasawa wakati wa kutengeneza chavua na mayai. Mmea usiotoa mbegu hauwezi kuboreshwa kwa kuchagua watoto bora. Kwa hiyo wataalamu wa Amani katika miaka ya 1930 waligeukia ndugu zake wenye seti mbili. Mmoja wao ulikuwa ukiota palepale kwenye bustani, na mwaka 1933 ulitangazwa kuwa spishi, Agave amaniensis, ingawa asili yake ni Amerika kama agave wote. Ulichanganywa na Agave angustifolia, kisha chotara akarudishwa kwa mzazi wa Amani. Katika uzao huo ulipatikana mche namba 11648, wenye majani mengi kuliko mkonge wa kawaida. Umepandwa sana Tanzania, na China pia.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliikata koloni na Ulaya, na Amani ikageuka karakana. Kwinini ilitengenezwa kutokana na magome ya miti ya bustani, pamoja na sabuni, mafuta na mahitaji mengine ya jeshi. Waingereza waliitwaa mwaka 1916. Albert Peter, profesa wa mimea kutoka Göttingen aliyekwamishwa na vita, alitumia miaka hiyo kukusanya vielelezo vinavyofikia makumi ya maelfu. Ukusanyaji huo ulipata uzito ambao hakuna aliyeutarajia. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliangukia jengo la Bustani ya Mimea ya Berlin huko Dahlem, na sehemu kubwa ya vielelezo asilia vya Engler na wenzake ikateketea. Mamia ya majina ya mimea ya Afrika Mashariki yalibaki bila karatasi ya kuyathibitisha. Nakala zilizobaki Amani, Kew na kwingineko zilianza kutafutwa moja moja ili zishike nafasi ya zilizoungua, na kazi hiyo imeendelea kwa miongo mingi.

Chini ya Waingereza kituo kilizorota kwanza, kisha mwishoni mwa miaka ya 1920 kikafufuliwa kuwa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Afrika Mashariki, William Nowell akiwa mkurugenzi. P. J. Greenway alishika hebaria, yaani hazina ya vielelezo vya mimea iliyokaushwa. Alitembea Tanganyika na nchi jirani akikusanya vielelezo, na mwaka 1937 alitoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili na majina yake ya kisayansi, iliyochapishwa tena 1940. Hadi leo maafisa misitu huitumia kutambua mti kwa jina alilolitaja mwenyeji. Mwaka 1950 hebaria ilihamishiwa Nairobi, pembeni mwa makumbusho, ikawa Hebaria ya Afrika Mashariki. Karatasi zilizokaushwa Amani zingali humo.

R. E. Moreau alifika Amani mwaka 1928 kufanya kazi za ofisi na maktaba, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Mkusanyaji wake mkuu alikuwa Salimu Asmani, aliyeingia misitu ambayo Moreau mwenyewe hakuifika na kurudi na ndege ambao hakuna mtaalamu aliyewahi kuwaona. Wasaidizi wengine waliketi karibu na viota saa nyingi wakihesabu mara ngapi wazazi wanaleta chakula. Mwaka 1931 ndege mdogo mwenye mdomo mrefu wa msitu wa Amani alitangazwa na W. L. Sclater, na leo huitwa Artisornis moreaui. Mwaka 1945 ndege wa spishi hiyohiyo alipatikana kwenye milima ya Njesi, Msumbiji, kusini kwa kilomita zinazokaribia 1,000, bila mwingine yeyote katikati. Umbali kama huo hauelezeki isipokuwa kwa kukubali kwamba misitu ya milimani iliwahi kukaribiana na baadaye ikaachana, na Moreau alitumia maisha yake yaliyobaki kulifuatilia swali hilo. Kitabu chake cha 1966 kuhusu ndege wa Afrika na visiwa vyake ni tunda la miaka ya Amani.

Si kila kiumbe wa kilima hiki aliyepata jina alionekana tena. Chura mdogo Parhoplophryne usambarica alikusanywa na Arthur Loveridge mwaka 1926 na kutangazwa 1928. Anajulikana kwa kielelezo kimoja tu. Bundi mkubwa aliyetangazwa 1908 kwa jina la Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama wa Amani, alihesabiwa muda mrefu kuwa spishi ya pekee ya Usambara, na sasa wengi humweka chini ya spishi iliyoenea hadi Afrika Magharibi. Mipaka ya spishi huchorwa upya kadiri ushahidi unavyoongezeka, na hakuna aibu katika hilo.

Kazi iliyogusa maisha ya watu wengi zaidi ilihusu kitu kidogo kuliko seli. Mwaka 1894 Otto Warburg alieleza ugonjwa wa mihogo katika eneo hilo: majani yalikunjamana na kupata mabaka ya njano. Wakulima wa Tanzania huuita batobato. Mwaka 1906 Zimmermann alidhani chanzo chake ni virusi, miaka michache tu baada ya Beijerinck kuonyesha, mwaka 1898, kwamba ugonjwa wa tumbaku huenezwa na kitu kinachopita kwenye kichujio kinachozuia bakteria. Hadubini ya wakati huo haikuweza kukionyesha. Virusi havina seli. Haviwezi kuzaana mpaka viingie ndani ya seli ya kiumbe kingine na kuitumia. Nafasi yao katika mpangilio wa uhai bado inabishaniwa.

H. H. Storey, mtafiti wa Amani, alivichunguza virusi pasipo kuviona. Kwenye mahindi, ugonjwa wa michirizi huenezwa na mdudu mdogo mfyonza utomvu, Cicadulina mbila. Storey aligundua kwamba baadhi ya wadudu hao huweza kuueneza na wengine, wa spishi ileile, hawawezi. Mwaka 1932 alionyesha kwa kuwazalisha kwamba uwezo huo hurithiwa kwa kanuni za Mendel, ukifungamana na jinsia. Mwaka uliofuata alieleza jambo la kushangaza zaidi: mdudu asiyeweza, akitobolewa utumbo kwa sindano nyembamba, huanza kueneza ugonjwa. Kizuizi kilikuwa ukuta wa utumbo. Jaribio hilo, lililofanywa mlimani kwa sindano na subira, liliunganisha jeni, tishu, mdudu, mmea na ugonjwa katika mnyororo mmoja. Umbo la virusi vyenyewe, chembe mbili zilizoshikana, lilionekana kwa hadubini ya elektroni katika miaka ya 1970 huko Muguga, Kenya, ambako utafiti wa kilimo wa Amani ulikuwa umehamishiwa.

Mwaka 1936 Storey aliripoti ugonjwa wa pili wa mihogo kutoka miteremko ya Usambara, ule wa michirizi ya kahawia, ambao huozesha kiazi ardhini huku majani yakionekana mazima. Yeye na R. F. W. Nichols walitafuta kinga kwa ndugu wa mhogo. Mmoja alikuwa jirani: mti wa mpira wa Ceará, Manihot glaziovii, ambao Wajerumani walikuwa wameupanda kwa wingi Tanga na ambao Zimmermann aliuandikia kitabu mwaka 1913. Biashara ya mpira huo ilikufa mashamba ya Asia yaliposhusha bei, lakini miti ilibaki. Chotara wa kwanza walikuwa na kinga na mizizi migumu isiyolika. Walirudishwa kwa mhogo mara ya pili na ya tatu, hadi wakapatikana wenye kinga na kiazi cha kupikika. Baada ya Nichols kufariki D. L. Jennings aliendeleza kazi hadi ilipofungwa mwaka 1957.

Mbegu zilisafiri mbali. Zile za chotara 5318/34 zilipelekwa Ibadan, Nigeria, na uzao wake ukawa msingi wa mbegu za taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, ambazo zilipandwa Uganda na nchi jirani batobato kali ilipoangamiza mihogo katika miaka ya 1990. Mche mwingine wa Amani, 46106/27, ulidumu mashambani bila watafiti kujua. Wakulima wa kusini mwa Tanzania waliuita Namikonga, wa pwani ya Kenya waliuita Kaleso, na ulipopimwa miongo mingi baadaye ukakutwa na kinga bora dhidi ya michirizi ya kahawia. Wakulima hao walikuwa wameuhifadhi kwa kukata vijiti na kupanda tena, msimu baada ya msimu, kwa sababu walijua haukuwaangusha.

Kilimo kilipoondoka, malaria ilichukua majengo. Kitengo cha malaria cha Afrika Mashariki, kilichoanza mwaka 1949 chini ya D. Bagster Wilson, kilihamia Amani miaka miwili baadaye. Hapo swali la mpangilio wa viumbe lilikuwa la uhai na kifo. Mbu aliyeitwa Anopheles gambiae alikuwa na tabia zisizopatana: mahali pengine aliuma watu ndani ya nyumba, pengine aliuma ng’ombe nje, pengine alizaliana kwenye maji ya chumvi ya mikoko. Mwaka 1962 na miaka iliyofuata Hugh Paterson na George Davidson walionyesha, kwa kuwapandisha mbu maabara na kukuta watoto wa kiume ni tasa, kwamba ni spishi kadhaa zinazofanana kwa macho. Majina ya zamani yaliyosahaulika yalifufuliwa. Mbu wa maji chumvi akarudishiwa jina Anopheles merus, alilopewa na Dönitz mwaka 1902 kwa vielelezo vya Dar es Salaam. Mwingine akawa Anopheles arabiensis, jina la mwaka 1905 kutoka Aden.

Kuwatambua mbu mmoja mmoja kulihitaji kurudi kwenye seli. Katika ovari za mbu jike aliyekula damu na ambaye mayai yake yamekua nusu, kuna seli za kulisha mayai zenye kromosomu nene zilizojirudufu mara nyingi bila kutengana, zikiwa na mistari myeusi na myeupe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mario Coluzzi wa Italia alichora mistari hiyo, na kila spishi ikaonekana na mfuatano wake. M. T. Gillies, aliyefanya kazi Amani na Muheza kwa miaka mingi, alitumia ovari hizohizo kukadiria umri wa mbu, kwa kuwa mbu mchanga hawezi kuambukiza malaria. Ni lazima aishi siku za kutosha vimelea vikomae ndani yake. Kitabu chake cha 1968, alichoandika na Botha de Meillon, kinataja na kueleza mbu wote wa kundi la Anopheles waliojulikana kusini mwa Sahara. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, kituo kiliingia katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kazi nyingi zikateremka Muheza.

Msitu wenyewe, ngazi iliyobeba zote, ulichelewa kutazamwa kwa ukamilifu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 magogo yalivunwa kwa mashine kwa ajili ya kiwanda cha mbao mjini Tanga kilichosaidiwa na Finland. Mwaka 1982 Alan Rodgers na Katherine Homewood walichapisha orodha na hesabu zilizoonyesha wingi wa spishi za pekee za Usambara, na kabla ya muongo huo kwisha uvunaji ulisimamishwa. Katika nafasi zilizoachwa wazi uliingia mhesi, Maesopsis eminii, mti wa Afrika ya kati na magharibi uliopandwa bustanini Amani karibu na 1913. Hukua haraka, na hondohondo humeza matunda yake na kudondosha mbegu mbali. Ulichukua maeneo ambayo miti ya mtambara na mfimbo ilikuwa ikiyatawala, na udongo chini yake ukabadilika. Mwaka 1997 msitu na bustani ya kale viliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, hekta 8,380, ya kwanza ya aina yake nchini.

Orodha kamili ya mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka 1952 na ambayo Bernard Verdcourt, aliyepitia Amani akiwa kijana, aliandika sehemu zake nyingi, ilikamilika mwaka 2012 ikiwa na zaidi ya spishi 12,000. Ilikuwa bado mpya rafuni ilipohitaji nyongeza. Mwaka 2019 ulitangazwa mti wa familia ya mstafeli, wenye kufikia mita 20, uliokutwa katika Hifadhi ya Amani wakati wa kuhesabu miti. Umeitwa Mischogyne iddii, kwa heshima ya Iddi Rajabu, mtaalamu wa mimea wa hifadhi hiyo.